Mkasi Unaotafuna

Kuna siku mtu anaomba pasitokee hata jambo dogo. Siku hiyo hiyo mkono wake wa kushoto uliamka umekufa ganzi. Aliulalia mwenyewe, wa kumlaumu hayupo. Alikaa kitandani akiukanda, akiukunja na kuukunjua, mwisho akauma ncha ya kidole gumba kuona kama kuna mtu ndani. Ulipoanza kuchonyota kama siafu wanahama, akashusha pumzi. Haya. Kitisho cha kwanza kimepita, na hata uso hajanawa.

Kazini walimwita Alfajiri, kwa sababu ndiye aliyekuwa akifungua karakana ya ushonaji kabla hata jogoo hajakohoa. Wenzake walidhani ni bidii. Wengine walidhani kuna mume anamkimbia nyumbani, wakati mume mwenyewe hakuwepo, alishajikimbilia zamani kwa mwendo wake. Ukweli aliujua mama yake tu.

Mama huyo alikuwa jikoni, chai tayari. Alimsogezea bintiye kikombe na, kama alivyofanya kila asubuhi tangu binti ana miaka mitatu, akakizungusha ili kishikio kikae upande wa kulia.

"Leo ndo kile kitambaa cha watu?"

"Ndiyo, mama."

"Na mwenyewe atasimama hapo hapo anakuangalia?"

"Ndiyo, mama."

"Basi leo tumia mkono wa watu, mwanangu. Siku moja tu, hutakufa."

"Mama, mkono wa watu haujui kukata hata kitunguu."

"Ungejua, kama ningekufunga vizuri."

Alisema hivyo kwa utani, lakini utani wenyewe ulikuwa na mizizi. Utotoni alimfunga kweli. Kitambaa cha pamba, mafundo mawili, mkono wa kushoto umebanwa kiunoni kuanzia asubuhi hadi saa ya kulala. Miaka miwili. Siku moja baba mtu akarudi kutoka safari, akakifungua kitambaa, akasema, "Mkono usioweza kuukata, ubusu," na akaubusu kweli, mwaa, mbele ya wageni. Methali ikamaliza kesi. Ila kifungo kiliacha matunda yake: Alfajiri alikula kwa kulia, alisalimia kwa kulia, aliandika kwa kulia maandishi kama kuku kapita kwenye majivu. Lakini kitu chochote chenye makali kilihamia kushoto chenyewe, kama maji yanavyojua bondeni ni wapi.

Sasa shida ilikuwa kwa bosi wake.

Bosi walimwita Mzee Futi, kwa sababu futi ya kupimia haikutoka shingoni mwake hata msibani. Alikuwa fundi hasa, wa kushona koti likakaa mwilini kama limezaliwa nawe. Ila miaka ilipomtia mtetemeko kwenye vidole, aliacha kukata, akatafuta mkataji. Alfajiri alikuwa kwenye cherehani, na cherehani haina neno, haiulizi unatumia mkono gani. Siku ya kuwajaribu waombaji wa kazi hiyo alikuja kijana mmoja mwenye barua nzuri, akashika chaki kwa kushoto. Mzee Futi akamrudishia barua yake hata hajamaliza kuisoma.

"Mdogo wangu, karakana hii nimeipanga kulia," alimwambia. "Taa, meza, rula, mpaka msumari wa kutundika mkasi. Mkono wa kushoto kwenye meza yangu ni sawa na ng'ombe sebuleni. Hata akiwa mpole, atavunja kitu."

Alfajiri, zamu yake ilipofika, akasema, "Mzee, mimi naomba nikate asubuhi, kitambaa kinataka utulivu." Mzee akaona hapa nimepata mtu mwenye falsafa, akampa kazi bila hata kumjaribu. Kumbe amepata ng'ombe, tena anakuja mapema.

Miezi saba ilipita hivyo. Kila asubuhi alifungua, akaitoa taa upande wa kushoto wa meza, akaibana upande wa kulia ili kivuli cha mkono wake kisifunike mstari wa chaki, akakata kazi za siku nzima, akairudisha taa mahali pake. Wenzake wakifika saa moja na nusu, wanakuta vipande vimepangwa na mkataji anafagia kwa mkono wa kulia, mtakatifu kabisa.

Siri ya pili ilikuwa droo ya chini. Mle ndani alificha mkasi wake mwenyewe.

Aliupata kwa muuza vyuma chakavu, kwenye sanduku la vitu vilivyoshindikana. Muuzaji alimwambia wazi, "Dada, huo mbovu. Kila anayeujaribu unatafuna." Akaujaribu kwa kushoto, pale pale, kwenye pindo la gauni lake mwenyewe. Uliteleza kama neno la uongo. Mpaka siku hiyo hakujua kwamba duniani kuna mkasi uliotengenezwa kwa ajili ya mtu kama yeye. Ubao wa juu, lile jani la chuma lenye makali, ulikuwa chini, wa chini ulikuwa juu, na mteremko wa makali umelala upande mwingine. Miaka thelathini alikuwa akidhani ana mkono mbaya. Kumbe alikuwa na mikasi ya watu.

Asubuhi hiyo alifika karakana saa kumi na mbili na robo. Mpango wake ulikuwa kufanya mazoezi mpaka mkono uchangamke, kwa maana kazi ya saa nne haikuwa ya mchezo. Mteja alikuwa mkunga mstaafu. Alileta kitambaa cha sufu, bluu iliyokolea mpaka inakaribia nyeusi, alicholetewa na marehemu mumewe, dereva wa masafa marefu, safari yake ya mwisho mwisho. Kimekaa sandukuni miaka kumi na tisa. Sasa binti yao, anayeishi kwenye nchi ya baridi, alikuwa anakaribia kujifungua, na bibi mtarajiwa alitaka koti refu la kwendea. Mzee Futi alikipima kitambaa mara tatu. Kilitosha koti, na kilichobaki kingetosha kufuta miwani. Kiwanda chenyewe kilishakufa. Ukikosea hapa, hakuna duka duniani la kukimbilia.

"Na nitakuwepo kikikatwa," mkunga alisema. "Sikukitunza miaka yote hii nije kuletewa habari."

"Karibu saa nne, mama," Mzee Futi alimjibu. "Mkataji wangu hana mfano. Huyu akikosea, mimi nafunga karakana, na yeye anarudi cherehani kukunja pindo za mapazia mpaka azeeke."

Alisema huku anacheka. Alfajiri hakucheka.

Alibana taa kulia, akavuta droo ya chini.

Droo ilikuwa tupu.

Aliifunga, akaifungua tena, kama vile labda mara ya kwanza haikusikia vizuri. Tupu. Akaitoa yote, akaigeuza. Zikadondoka pini mbili na ganda la karanga. Akaangalia chini ya meza, nyuma ya mabunda ya vitambaa, ndani ya pipa la vipande, ndani ya birika la chai, na ukishafika kwenye birika ujue akili imeanza kuaga. Jasho likamtoka kwenye mgongo, jembamba, la baridi.

Ukutani ulining'inia mkasi mkubwa wa karakana, wa mkono wa kulia. Akauchukua kwa kushoto, akajaribu kwenye kipande cha sufu kuukuu, mikunjo miwili kama itakavyokuwa kwenye koti. Ubao ulimzibia mstari, makali yakaachana, kitambaa kikajikunja katikati kama mtu anayeumwa tumbo. Akauhamishia kulia. Hapo makali yalikutana vizuri, ila mkono wenyewe ulikwenda kama mlevi anayetafuta mlango wa nyumbani. Alikata mstari ulionyooka ukawa ramani ya mto.

Saa moja na nusu akaingia Bobini. Huyu alikuwa mshonaji wa cherehani ya mbele, mfupi, wa mviringo, na mdomo wake ulizunguka mfululizo kama ile bobini ya uzi iliyompa jina.

"Shikamoo ya leo unampa nani, maana umekaa chini kama unatambika kwa hiyo droo!"

"Bobini, umeuona mkasi wangu?"

"Ule wa meno ya mbuzi?"

"Meno ya mbuzi vipi?"

"Si Mzee jana jioni! Ushaondoka, akataka kukata uzi tu, akafungua droo yako. Akajaribu mkasi kwenye kitambaa. Ukatafuna. Akajaribu tena, ukatafuna. Akasema, 'Masikini, dada wa watu anafanya kazi na mkasi butu hivi halafu hasemi? Hii ndo heshima ya watu wa zamani!' Akaupeleka kwa mnoaji pale kona. Yaani alikaribia kulia." Bobini akakaa kwenye cherehani yake, akapuliza vumbi. "Umepata bahati. Mimi nina miaka tisa hapa, hata sindano hajanipelekea kunolewa."

Alfajiri alikaa kwenye kigoda. Alijua Mzee Futi aliujaribu kwa mkono gani.

Saa mbili kasoro Mzee akaingia, futi shingoni, kifurushi cha gazeti mkononi, uso umeng'aa kama aliyeota meno mapya.

"Alfajiri! Funga macho."

"Mzee, sina..."

"Funga macho bwana, usininyime raha."

Akafumba. Akawekewa kitu kizito kiganjani, kiganja cha kulia. Alipofumbua, mkasi wake ulikuwa unang'aa mpaka unatisha.

"Siku nyingine useme," Mzee alimwambia, kwa upole ambao hakuwahi kuutumia kwa binadamu, labda kwa hariri tu. "Mkataji wangu hawezi kukata kwa meno. Jaribu, jaribu tuone."

Hakuna mahali pa kukimbilia. Aliuweka kulia, akakata ncha ya kipande. Ulitafuna. Aliusukuma kwa nguvu, ukang'ata kidogo, ukaachia uzi unaning'inia. Na hapo akaona. Mnoaji alikuwa ameugeuza mteremko wa makali. Uliokuwa nje sasa uko ndani. Halafu akakaza skrubu mpaka makali mawili yakakwaruzana kama mawifi. Sasa haukuwa wa kulia wala wa kushoto. Haukuwa wa mtu.

"Unakata?"

"Unakata sana, Mzee," alisema. Uongo ukatoka laini kuliko mkasi. "Asante. Mungu akuzidishie."

"Saa nne basi," Mzee akasema, akampiga bega, akaenda kuvaa miwani.

Saa mbili na dakika tano. Alfajiri alipiga hesabu akiwa amesimama. Kusema ukweli: karudi kwenye mapazia. Kukata kwa kulia: kitambaa cha marehemu kinakuwa ramani ya mto, karudi kwenye mapazia, na mkunga analia. Kukata na mkasi huu: vile vile, na juu yake pindo zinachanika. Njia zote zilielekea kwenye pazia la dirisha la mtu mwingine.

"Mzee, nakimbia kununua uzi wa bitana, rangi yake imeisha."

"Uzi upo hapa wa..." Bobini alianza.

Alfajiri akamtazama. Bobini, kwa mara ya kwanza katika historia, akafunga mdomo katikati ya neno.

Mnoaji alikuwa kona ya mtaa, kwenye baiskeli yake iliyosimamishwa juu ya vyuma, jiwe la kunolea limefungwa mbele ya usukani. Ukiendesha pedali, baiskeli haiendi, jiwe ndilo linazunguka. Mbele yake kulikuwa na panga tatu za bucha na mwenye bucha mmoja, ana haraka zake.

"Kaka, shikamoo, naomba unisaidie, ni dharura."

"Marahaba. Foleni, mama."

"Mkasi huu uliunoa jana jioni. Umeuharibu."

Mnoaji akasimamisha miguu. Alikuwa mtu mrefu, mkavu, wa heshima zake, na neno hilo hajalisikia miaka ishirini na minane ya jiwe.

"Nimeuharibu? Mimi? Mama, mkasi ule ulitengenezwa na mlevi. Makali yamelala upande wa mashetani. Nikayalaza upande wa watu. Ilinichukua saa nzima! Na yule mzee nilimwambia, hapa nimekufanyia kazi mara mbili."

"Makali yalikuwa sawa. Ni mkasi wa kushoto."

"Wa kushoto wapi?"

"Wa mkono wa kushoto."

Mnoaji akamtazama mwenye bucha. Mwenye bucha akamtazama mnoaji. Wakacheka kwa pamoja, kicheko cha wanaume wanaofahamiana.

"Mama, kwa hiyo na mimi ninunue suruali ya mguu wa kushoto?"

Hakuwa na muda wa kununa. Alfajiri alichukua mkasi mwingine kutoka kwenye kimeza cha mnoaji, mzima, mkali, wa watu. Akampa kipande cha sufu. "Kata."

Akakata, vizuri kabisa.

"Sasa kata kwa kushoto."

"Kwa nini?"

"Kata, kaka yangu. Dakika moja. Kisha nicheke mimi."

Mnoaji akauhamisha mkasi, kwa dharau kidogo. Akaubana. Kitambaa kikajikunja. Akaubana tena, akauinamia, akatoa ulimi pembeni kama mtoto wa darasa la kwanza. Kikajikunja tena. Akauangalia mkasi, mkasi alioutia makali kwa mikono yake asubuhi hiyo hiyo.

"Umekuwa butu?" Alfajiri akauliza.

Mnoaji akautupia kulia, ukakata. Kushoto, ukatafuna. Kulia, ukakata. Mwenye bucha akaacha kucheka, akasogea.

"Loh," mnoaji akasema polepole. "Kwa hiyo jana mimi..."

"Jana wewe uliukuta mzima."

Mnoaji alivua kofia yake, akaitazama ndani kama anatafuta jibu humo, akaivaa. "Lete."

Lakini jambo halikwisha kwa kusema lete. Alipouweka mkasi kwenye jiwe ili aurudishe mteremko nje, mkono wake ukaulaza upande ule ule wa jana. Akajisahihisha. Jiwe likazunguka, cheche zikatoka, na mkono ukarudi kwake. Mara ya tatu akasimama.

"Haukubali," alisema, amepigwa na butwaa. "Mkono haukubali. Nauambia huku, wenyewe unakwenda kule. Yaani kama mtu amenifunga kamba."

Alfajiri alikuwa na jibu la hilo, refu, la miaka miwili, lenye mafundo mawili ya kitambaa cha pamba. Akalimeza. Saa tatu kasoro kumi.

"Shuka," akasema.

"Nishuke niende wapi?"

"Wewe endesha pedali tu, kaa nyuma huko kwenye keria, siti niachie mimi. Mimi nitaushika. Niambie wewe unaulaza vipi, ila useme kinyume."

Mwenye bucha akaweka panga zake chini kabisa, akakunja mikono. Hii ilikuwa bora kuliko kuuza nyama.

Alfajiri hakuwa amewahi kugusa jiwe la kunolea maishani. Aliufungua mkasi, akashika ubao mmoja kwa kushoto. Jiwe lilipoanza kuvuma, mkono ule ule uliokufa ganzi alfajiri ndio aliousogeza mbele. Akifikiria cheche, anaona kitambaa. Akifikiria kitambaa, anaona uso wa mkunga. Akakanyagia woga wote kwenye kisigino, akagusisha chuma kwenye jiwe.

"Polepole," mnoaji alisema nyuma yake, akipiga pedali kwa pumzi. "Mimi huvuta kuja kwangu kulia, kwa hiyo wewe... wewe vuta kwenda... subiri. Kwenda kushoto. Toka shinani mpaka nchani, usisimame katikati, ukisimama unachimba shimo. Laza. Laza zaidi. Hapo! Hapo hapo usihame!"

Cheche zilimrukia kifundoni mwa mkono. Hakuhama. Ubao wa kwanza ulimeza dakika ishirini, wa pili kumi na tano, kwa sababu mkono ulikuwa umeshajua njia. Mnoaji akaulegeza ule mkazo wa skrubu, akasugua uso wa ndani kwenye jiwe la mkono mpaka ukalala bapa, akaupangusa kwa kitambaa cha mafuta. Mkasi ulikuwa umekonda, kama mtu aliyetoka hospitali.

"Siujaribu mimi," akasema, akimpa kwa mikono miwili. "Mimi nishaaibika leo."

Alfajiri akaujaribu kwenye kipande. Ukakata. Lakini karibu na ncha, ukasita kidogo. Kidogo tu, kama mtu anayejikwaa na kujifanya hakujikwaa.

"Pale nchani..."

"Pale nchani mimi ndiye niliyechimba jana. Nikiondoa zaidi, chuma kinakwisha. Usifike nchani, mama. Kata kwa shina na katikati, ukikaribia ncha fungua upya."

Saa ya mwenye bucha ilisema saa nne kasoro dakika saba. Alikimbia.

Alimkuta mkunga ameshafika, amevaa vizuri kama anakwenda kanisani au mahakamani. Kitambaa kilikuwa kimelazwa mezani, mikunjo miwili, mistari ya chaki tayari, Mzee Futi mwenyewe amebana vigezo vya karatasi kwa pini. Taa iko kushoto, pale pale inapokaa siku zote. Bobini amesimamisha cherehani yake, jambo ambalo hata umeme ukikatika halifanyi.

"Uzi uko wapi?" Mzee akauliza.

"Wamefunga, Mzee."

"Saa nne asubuhi?"

"Wamefiwa," Bobini akadakia, hakuna aliyemwomba. "Nilisikia."

"Haya. Tuanze. Mama, sogea uone vizuri."

Mkunga akasogea mpaka kwenye ukingo wa meza. Mikono iliyopokea watoto wa mtaa mzima ikaung'ang'ania ukingo huo. "Binti yangu," alimwambia Alfajiri, "mimi nimekata vitovu vingi. Cha kukata najua hakirudi. Taratibu."

"Sawa, mama."

Akautoa mkasi mfukoni mwa aproni. Alikuwa na pumzi moja ya kuamua. Kulia kulikuwa na miezi saba ya usalama. Akatazama bluu ile ya miaka kumi na tisa.

Akauweka kushoto.

Hakuthubutu kuinua macho. Alimsikia Mzee Futi akivuta pumzi, na hakumsikia akiitoa. Akaingiza ubao chini ya kitambaa, akakata mkato wa kwanza, kutoka pindoni kupanda ubavuni. Ukateleza. Wa pili. Akafungua upya kabla ya ncha, kama alivyoambiwa. Wa tatu.

Kisha akafika kwenye shimo la mkono, mahali mstari unapopinda, na kivuli cha mkono wake kikaanguka juu ya chaki. Taa ilikuwa upande usio wake. Akainama, haoni. Akageuza shingo, anaona nusu. Jasho likamfikia kwenye nyusi. Hawezi kusimama katikati ya mpindo, mkato utaonyesha jino. Hawezi kuendelea asikokuona. Akaushikilia mkasi pale pale, wazi, mdomo umejaa sufu, na kwa sekunde tatu hivi aliona pazia, na pazia, na pazia lingine, mpaka uzeeni.

Akasikia kibanio cha taa kikilegezwa.

Mwanga ukainuka, ukapita juu ya kichwa chake, ukazunguka mkononi mwa Mzee aliyekuwa ameibeba taa. Upande wa kulia wa meza, kwenye ukingo wa mbao, palikuwa na alama mbili zilizochimbika, alama za miezi saba. Kibanio kikaingia humo kama mguu kwenye kiatu chake. Mzee akakikaza. Akapapasa zile alama kwa kidole kinachotetemeka.

"Nilidhani panya," alisema, kwa sauti ya chini, kama anaongea na meza.

Kivuli kikaondoka. Chaki ikawa nyeupe pee. Alfajiri akakata mpindo, akakata bega, akakata shingo, akazunguka meza na kukata mikono na kola, akifungua upya, akifungua upya, hajafika nchani hata mara moja. Kipande cha mwisho kilipoachana, aliweka mkasi chini, vidole vikakataa kukunjuka.

"Tayari, mama."

"Kimekatwa?" mkunga akauliza. Alikuwa amefumba macho, mkono mdomoni. Amefumba tangu mkato wa kwanza.

"Mama si ulisema unataka kuona?" Bobini akasema.

"Nilitaka kuwepo, baba. Kuona ni kitu kingine."

Akafumbua. Akavigusa vipande, kimoja kimoja, akavihesabu kama anavyohesabu vidole vya kichanga. Akasema tu, "Koti." Akatoka nje kupunga upepo, Bobini akimfuata na kiti.

Wakabaki wawili, na meza katikati.

Mzee Futi akauchukua ule mkasi. Akautia kwenye vidole vyake vya kulia, akajaribu kwenye kipande cha kufutia miwani. Ukatafuna. Akaangalia mkasi, akaangalia mkono wa Alfajiri, wenye madoadoa mekundu ya cheche mpaka kifundoni, na weusi wa mafuta ya jiwe chini ya kucha.

"Haukuwa butu," akasema.

"Haukuwa, Mzee."

"Na asubuhi ukanishukuru."

"Nilikushukuru."

"Na uzi wa bitana."

Hapo Alfajiri akaanza kuokota pini mezani, maana uongo nao una akiba yake, na yake ilikuwa imekwisha. Mzee akavua miwani, akaifuta kwa kipande kile kilichotafunwa, polepole, jicho la kwanza, la pili. Futi ilikuwa inapanda na kushuka shingoni mwake. Alfajiri alianza kupanga moyoni atamwambia nini mama yake.

"Jumatatu," Mzee akasema.

"Ndiyo, Mzee."

"Kuanzia Jumatatu utakuja saa moja na nusu, kama watu wengine. Umeme wa asubuhi asubuhi unanimaliza." Akaurudisha mkasi mezani, akaugeuza kwanza, vishikio vikaelekea upande wa kushoto. "Na huo msumari wa ukutani, mwambie Bobini auhamishe."